Picha zilizokataliwa zamrudishia fundi baraza lake

Saa nne asubuhi, mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Klara Elimringi ameinua kamera, lakini habonyezi. Mbele yake bwana mmoja amesimama wima na suti mpya. Nyuma ya bwana huyo mkokoteni wa viazi unakaribia.

"Dada, si uuache upite kwanza?"

"Nausubiri uingie, kaka. Haya, cheka."

Klara, mwenye umri wa miaka 52, amepiga picha mitaa ya Kariakoo kwa miaka ishirini na sita. Sasa hutoza Sh2,000 kwa picha. Wateja humlaumu kwa kasoro moja: hawezi kumpiga mtu bila kumpiga na mtaa wake. Baadhi huzikataa picha hizo. Yeye huandika tarehe nyuma ya kila moja na kuzitia kwenye ndoo za rangi zenye mifuniko. Nyumbani kwake Ilala zipo ndoo saba.

"Mume wangu alitaka nizichome," anasema. "Nikamwambia tuanze na za harusi yetu."

Wanaosifu manufaa ya picha za mtaani huwa ni wapiga picha wenyewe, kwa hiyo sifa hizo zastahili kutiliwa shaka. Machi mwaka huu, hata hivyo, picha hizo zilimfaa mtu mwingine.

Paras, aliyerithi duka la vitambaa la marehemu baba yake, alimaliza kulikarabati na kutangaza kwamba kila fundi cherehani atarudi pale alipokuwa akikaa barazani. Nafasi ya fundi Anifa, kando ya mlango, ikadaiwa na fundi mwenzake, Godbless. Nafasi za baraza hutolewa kwa mdomo, na mdomo uliozitoa ulikuwa umezikwa. Bila mlango, Anifa asingeonekana na wateja waliomlishia wanawe kwa miaka kumi na mitano.

Klara aliposikia, akaleta ndoo mbili za picha.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Idi ya mwaka 2014: watoto wawili wenye kanzu; mama yao aliikataa kwa sababu cherehani "limeharibu" nyuma. Mwenye cherehani, kando ya mlango, alikuwa Anifa. Idi ya 2017, Anifa. Idi ya 2021, Anifa.

"Siku hizo nilikuwa nimetoka kunywa chai," Godbless akajitetea.

"Idi tatu, Godbless? Chai hiyo ilichemshwa kwa mshumaa?" Anifa akauliza.

Baraza zima likaangua kicheko. Paras akainama juu ya picha ya mwisho, akaonyesha kwa kidole: mwisho kabisa wa baraza, Godbless amekunja nne, anatafuna muhogo.

"Na wewe upo, fundi. Rudi kwenye muhogo wako. Dada Anifa, lete cherehani."

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Hata shaka ya mwandishi wa makala haya haikupata pa kushika.

Paras amempa Klara ukuta wa baraza. Idi ijayo Klara anakusudia kuitundika hapo kila picha iliyokataliwa.

"Uso wako unao kwenye kitambulisho," anamwambia kila aliyeikataa yake. "Njoo uone mgongo wako ulivyoinama kazini."