Kivuli Alichokifuta Masikio

Mlango wa Masikio haugongwi. Ukifika kwake piga simu, au simama nje umwite kwa sauti kama mwendawazimu. Mimi, dereva wake kwa miaka tisa, nilisahau mara moja tu, nikabisha ngo ngo ngo. Alinifungulia ametota jasho, midomo inamcheza. Nilijichukia wiki nzima.

Hilo la Masikio ni jina tulilompa kazini. Ana ubao wake, mpana kama meza ya chakula, umepachikwa maikrofoni sitini na nne. Sauti ikitokea, inaifikia maikrofoni moja kabla ya nyingine, na kompyuta inapima hizo tofauti ndogo ndogo mpaka ijue imetoka wapi. Kwenye skrini unaona doa jekundu. Viwandani tulikuwa tunasaka mabomba yanayovuja hewa. Dada wa watu anaelekeza kidole, "Pale, nyuma ya tangi," na mafundi waliohangaika siku tatu wanabaki kukodoa macho. Nilivyokuwa nawacheka, acha tu!

Ghala la magunia lilipoporomoka, tukaitwa sisi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Watu wakanyamazishwa, mashine zikazimwa, na skrini ikaonyesha madoa mawili. Huko chini mtu alikuwa anagonga chuma.

Sasa nisikilize vizuri. Sauti ikipiga ukuta wa zege inarudi, na ubao unaona doa la pili mahali pasipo na kitu. Wenyewe wanaliita kivuli, na fundi hulifuta mapema asije akawachimbisha watu bure. Hili la pili lilikwenda na la kwanza pigo kwa pigo. Masikio akasita. Nani akamwambia, "Futa hicho, tusipoteze muda"? Mimi hapa, na mdomo wangu usio na breki. Akakifuta.

Akatolewa mpakizi mmoja, hajitambui lakini hai. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Mwenzake alipatikana kesho yake, ameshakufa.

Wiki iliyofuata Masikio alikuwa ofisini anaandika ripoti, akalirudisha lile doa kwenye rekodi. Mpakizi wa kwanza ameshabebwa na gari la wagonjwa, na kivuli chake bado kinagonga. Dakika arobaini kiligonga peke yake. Wale wawili walikuwa wamebeba magunia pamoja miaka na miaka, huyu akiinua na yule anainua, na hata chini ya kifusi waligonga kwa mpigo mmoja.

Bosi akasema yaishe. Mama wa marehemu ameshaambiwa mwanawe alikufa papo hapo, hakuteseka, mnamchokonoa ya nini? Mimi nikaona ana hoja. Masikio akakonda. Akazima friji yake kwa sababu inagonga mota ikizima. Kila mara ananiambia nimpeleke kwa yule mama, tukifika kona ananiambia geuza. Mwaka ukapita hivyo, mara sita nimegeuza. Ya saba nikazima injini. "Dada, mafuta yameisha." Uongo mtupu, naye alijua, akashuka. Nikamfuata.

Mama alikuwa anakunja nguo. Masikio hakukalia hata kiti alichopewa.

"Mama, mwanao alikuwa hai. Alikuwa anagonga. Nilimwona kwenye mashine yangu, nikamfuta."

Mama alimaliza kwanza shati alilokuwa nalo mkononi.

"Najua alikuwa hai," akasema. "Niliviona vidole vyake. Kucha hazikuwepo. Mwaka mzima watu wazima na akili zao wanakaa hapo kuniambia alikufa papo hapo, na mimi nawamiminia chai."

Masikio akaenda chini, akalia kwa kwikwi. Mimi pia nililia, na wala sioni haya.

"Inuka, mwanangu. Hiyo sauti unayo?"

Alikuwa nayo kwenye simu. Akatoa hedifoni, akamvalisha mama juu ya kilemba.

"Ni dakika arobaini, mama. Ukichoka unaweza kukatisha."

"Yeye alichoka?" mama akauliza, akaketi.