Koti la Asiyekuwepo

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ile ya wazee, kule mtaa wa Observatory, huku kusini mwa Afrika, nilishona majina. Ndiyo kazi aliyonipa Msimamizi Mkuu: kila shati, kila sketi, kitambaa kidogo chenye jina la mwenyewe nyuma ya kola, ili nguo zisichanganyike kwa dobi. Mwaka ulikuwa 2015. Nilitoka Rosettenville, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, ambako nilikuwa fundi wa suti za harusi, nikajiona nimeshushwa cheo.

"Fundi," Msimamizi Mkuu aliniambia, "hapa hatushoni mitindo. Mwili wa mzee unapungua. Kazi yako ni nguo ipungue nao, mtu asione aibu."

Nilinuna, lakini nikajifunza. Nilijifunza kupiga bandi, yaani kushikiza nguo kwa mshono wa hatua ndefu kabla ya mshono wenyewe, upesi upesi, maana magoti ya wale wazee hayakuwa na subira. Wengi walikuwa Waingereza, na Novemba ilipokaribia waliniletea nishani za vita ya pili ya dunia nizishikize kifuani, kando ya ua jekundu la karatasi, waende kuwakumbuka waliokufa. Nishani zako mwenyewe unavaa kushoto. Za ndugu yako aliyekufa unavaa kulia. Waingereza wana kanuni hata ya huzuni.

Bibi Edith alivaa kulia, za kaka yake Alfred. Siku nilipomshonea jina alicheka. "Si mara ya kwanza kuvishwa jina, fundi." Akanisimulia kuwa utotoni mwake, mabomu yalipoanza kuanguka London, watoto walipakiwa kwenye treni kupelekwa mashambani, kila mmoja na kikaratasi cha jina kwenye koti. Alfred ndiye aliyemsindikiza stesheni, akamwahidi kwamba atakuja kumchukua yeye mwenyewe. Kisha Alfred akaenda vitani. Aliyekuja kumchukua alikuwa shangazi.

Miaka ilivyokwenda, akili ya Bibi ikaanza kurudi nyuma. Novemba ya 2018 Mama Furaha, mhudumu wetu kutoka Lubumbashi, alinifuata kwenye chumba cha cherehani, amechoka.

"Papa Salehe, Bibi anakatala kuvala medali. Anasema kaka yake hakufaka. Eish."

Nilikwenda. Bibi alikuwa ameketi kitandani, nishani zimo kiganjani.

"Kulia ni kwa marehemu," alisema. "Alfred yuko njiani. Atazivaa mwenyewe, kushoto. Mshonee koti."

Nilimpelekea habari Msimamizi Mkuu, naye akashusha pumzi. "Bila koti hilo hatatoka, na safari ya kwenda kwenye sherehe ya kumbukumbu ndiyo pekee anayoisubiri mwaka mzima. Shona."

Kwetu Tanga tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Basi nilirudi kumuuliza Bibi nichukue vipimo vya nani.

"Vyako," alisema. "Alikuwa mwembamba kama wewe."

Nilishona koti la buluu, nikalitia bitana nzuri ndani, na vitanzi vya nishani upande wa kushoto. Sijawahi kushona koti la bwana harusi kwa uangalifu ule. Asubuhi ya sherehe nilikwenda kumwonyesha nimelivaa, kama fundi anavyoijaribu kazi yake. Bibi Edith aliinuka bila kushikwa. Akaninyoosha kola kwa mikono miwili, akanitazama sana.

"Umechelewa," alisema.

Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha kumwambia mimi ni fundi tu. Mama Furaha, pale mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Njia ilikuwa ndefu," nikamjibu.

Alinishika mkono, tukatoka pamoja hadi kwenye gari.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Mafundi vijana wa Rosettenville huniuliza ni suti gani ninayojivunia zaidi. Nawatajia koti lile, wanadhani uzee umenipanda kichwani. Kustaafu kuna ubaya wake, moyo unapata nafasi ya kwenda unakotaka, na wangu unakwenda Tanga kwa mama yangu. Alifariki akiwa bado ananiuliza kwenye simu nitakuja lini, nami kila mara nikimjibu kwa habari za vibali vya ukaazi vilivyokuwa havijatoka. Ningetoa cherehani yangu leo aninyooshe kola, aniambie nimechelewa.