Mkono wa Rwehumbiza

Rwehumbiza hakuwa mlevi wa kulala mitaroni. Alikuwa seremala pale Mkuyuni, fundi wa vitanda, na alilewa kwa adabu zake mpaka siku msumeno ulipomkata kidole asihisi kitu. Ndipo mkewe, Annet, aliposema: "Baba Koku, ukinywa tena, hata funda moja, narudi kwetu Kamachumu na mtoto." Na Annet si mtu wa kurudia maneno.

Kliniki ya Buzuruga ilimpa kidonge cha kila asubuhi, cha kuiondolea pombe utamu wake. Ikampa na mashine. Nesi Selestina alimkalisha mbele ya kompyuta yenye mpini mdogo kama gia ya gari. Picha ya pombe ikitokea, asukume, nayo inasinyaa mpaka inapotea. Ya maji au chai, avute.

"Kidonge kinatuliza hamu," alisema Selestina, "lakini mkono nao una mazoea yake. Huo tunaufundisha hapa."

Kila mgonjwa alitakiwa alete picha ya kinywaji chake. Rwehumbiza, kwa upumbavu wake, akapiga picha kibuyu cha marehemu baba yake. Nasema upumbavu kwa sababu katika ukoo wao wa Kihaya kibuyu cha baba si chombo cha kuchezea. Mrithi hukitunza, na kila mwaka, siku ya kumkumbuka marehemu, yeye ndiye huvuta rubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija kabla ya wote, ili mzee asikae na kiu huko aliko.

Basi akawa anamsukuma baba yake mara mia kwa siku. Wiki ya tatu mambo yakaanza. Akipita mbele ya kilabu cha pombe, mkono unainuka wenyewe. Jumapili moja baada ya misa alisinzia kwenye kochi, Annet akauona mkono ule ukisukuma hewa, polepole, na ukutani kibuyu kikiyumba kwenye kamba yake. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Annet akafanya ishara ya msalaba, asimwambie mtu.

Siku ya kumbukumbu, baba mdogo Ishengoma alikuja na meli kutoka Bukoba, na rubisi yake. Rwehumbiza alikuwa ameshaamua: funda moja tu. Alimwogopa mkewe, ndiyo, lakini alimwogopa marehemu zaidi. Annet alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, begi mkononi.

"Mpokee baba yako," alisema Ishengoma, akimnyooshea kibuyu.

Rwehumbiza akanyoosha mkono apokee. Nia yake ilikuwa kupokea, hilo anaapa mpaka leo. Mkono ukafika, ukageuka, ukasukuma. Kibuyu kikaanguka na rubisi ikatapakaa sakafuni.

Akafumba macho kungoja laana. Laana haikuja. Alipofumbua, Ishengoma alikuwa anautazama ule mkono.

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, baba mdogo?"

"Siku yake ya mwisho, ini limekwisha, tulimletea kibuyu hiki hiki. Akakisukuma hivyo hivyo. Tukasema ni homa, hajui atendalo." Mzee alijishusha kwenye kiti. "Tukamshika mkono, mwanangu. Tukamnywesha."

Annet akaweka begi chini. Hakuna aliyeinama kukiokota kibuyu.