Mashati Yaliyokataliwa

Tajiri wangu wa Gongoni, aliyetushonesha sare za shule miaka ya Ujamaa, nilimchukia akiwa hai na mpaka leo sijaacha. Mikutanoni alikuwa wa kwanza kuwalaani makupe, beji ya chama inang'aa kifuani. Akirudi dukani anatunyonya sisi mafundi wake sita wa barazani.

Tulilipwa kwa shati. Kila fundi alikuwa na alama yake ya uzi ndani ya kola, yangu nukta tatu nyekundu. Jumamosi anakagua: hili limepinda, hili vifungo vimekaa upande. Shati alilolikataa halilipi, na halirudishi.

Mwaka mmoja alinikatalia mashati thelathini kwa mkupuo. Hela ile ilikuwa ya bati za nyumba ya mama kule Cheyo, maana nyasi zilishaoza na mvua ilikuwa inakuja. Nikamwangukia.

"Shikamoo mzee. Nipe hata nusu."

"Marahaba. Kajifunze kushona kwanza," akasema, akacheka.

Mama alinyeshewa msimu mzima. Kikohozi kikamshika, na kabla mahindi hayajakomaa tukamzika.

Baada ya msiba nilikwenda Choma kwa shemeji yangu. Siku ya mnada nikayaona mashati ya kaki yamepangwa juu ya turubai, bei ileile ya dukani. Nikageuza kola. Nukta tatu. Muuzaji akaniambia mzigo huwa unatoka kwa tajiri wa Gongoni. Lo! Sikurudi tena kwenye baraza ile.

Miaka ikapita, akafa. Nikavaa kanzu safi nikaenda kuzika. Watu wakadhani moyo umelainika. Thubutu!

Pale makaburini mwanawe mkubwa akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aseme alipwe, au amsamehe. Watu wakaitikia, kama wanavyoitikia siku zote, "Tumemsamehe."

Mimi nikanyoosha mkono. "Namdai."

Kijana akanivuta pembeni, macho mekundu, mkono tayari mfukoni.

"Mzee wangu, ni kiasi gani? Nakulipa sasa hivi. Baba asizikwe na deni la mtu."

Yeye hakuwa na kosa, na alikuwa analia. Hata hivyo nikamwambia, "Hela yako sitaki, mwanangu. Mama yangu hahitaji bati tena. Mwache aende na deni lake."

Kisha nikachukua jembe, nikafukia pamoja na wenzangu.