Mashine Iliyolaza Nyasi

Wifi yangu alipoacha kazi ya hoteli, baada ya miaka mingi ya kutandika vitanda vya wageni, hakurudi nyumbani na zawadi ya kuagwa. Alirudi na mashine ya kukata nyasi. Hoteli ilikuwa inaondoa vitu vyake vya zamani, naye akakubali kuichukua mashine badala ya sehemu ya malipo yake ya mwisho. Ilishushwa kutoka kwenye pikapu mbele ya nyumba yetu Msambweni, gurudumu moja halina upepo na kiti kimepasuka hadi sponji inachungulia.

Mume wangu, ambaye ni kaka yake, aliizunguka, kisha akamwuliza, "Dadangu, hii inakula nini?"

"Petroli. Kidogo tu."

"Na sisi tutakula nini?"

Hiyo haikuwa ile mashine ya kusukuma kwa mikono. Hii unaikalia, unashika usukani, unaenda kama mtu mwenye trekta lake. Chini ya tumbo lake kuna bati pana lililopinda mfano wa sufuria iliyofunikwa, na ndani ya sufuria hiyo mna mapanga mawili mafupi yanayozunguka kwa kasi. Hayo ndiyo yanayokata. Mengine yote, kiti, injini, mkanda na magurudumu, yapo ili kuyahudumia mapanga hayo. Ukishalielewa hilo, mashine haikutishi tena.

Wifi hakuileta kwa mchezo. Pasipoti yake ilikuwa tayari, na wakala alikuwa amekwisha kumtafutia nyumba ya kufanya kazi Uarabuni. Iliyobaki ilikuwa simu ya kumwambia siku ya safari. Wanawe wawili wangebaki kwangu. Nawapenda wale watoto kama niliowazaa, lakini mdogo bado alikuwa halali mpaka amshike mamake sikio, na mimi masikio yangu hakuyataka. Wifi akaniambia, "Nikipata kazi ya hii mashine kabla simu haijalia, siendi. Ikilia sina kazi, naenda. Sitaki kukaa hapa nikawa mzigo."

Kazi yenyewe ilikuwepo, au tuseme ilikuwa inachungulia. Kule Diani kuna nyumba za kukodisha wageni, zimepangana kwenye barabara moja, kila moja na bustani yake. Mwangalizi wa nyumba mojawapo, kijana wa bara, alikuwa amemfahamu wifi tangu hotelini. Alimwahidi kwamba akikata vizuri pale kwake, atamwombea na kwa majirani.

Basi ikabidi mashine ipone. Mafundi wa mashine za aina hiyo wako Mombasa, na uwezo wetu haukufika huko. Tulikwenda kwa fundi tuliyemjua, mzee anayetengeneza injini za boti hapo bandarini petu. Ni mtu wa heshima, mikono yake inasikia injini kabla masikio hayajasikia. Alikuja nyumbani na mfuko wake wa spana, akaziba gurudumu, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaondoa mkanda uliokatika akatia mwingine. Akayafungua mapanga akayanoa. Jioni ile injini ikanguruma, kuku wakaruka ukuta, na wifi akapiga vigelegele peke yake uani.

Kulikuwa na tatizo moja dogo, ambalo fundi alilimaliza hapo hapo. Chini ya kiti mna swichi. Mtu akikaa, uzito wake unaibonyeza na injini inaendelea. Akiinuka, mapanga yakiwa bado yanafanya kazi, injini inazima yenyewe, ili asije akakatwa mguu. Lakini wifi ni mwembamba kama ufito. Kila gurudumu lilipopita kwenye tuta, yeye alirushwa kidogo, na mashine ikazima.

"Mashine yasema hakuna mtu," fundi akacheka. "Wifi yako hali?"

"Anakula kutushinda sote," nikamjibu. "Hatujui anapeleka wapi."

Fundi akaziunganisha nyaya mbili za swichi moja kwa moja, akafunga kwa utepe mweusi. Mashine haikuzima tena. Wakati ule niliona ni uhodari.

Jirani yetu mwenye pikapu hupeleka madafu Ukunda, naye alitubebea mashine hadi Diani asubuhi yenye baridi nzuri. Wifi alivaa suruali ya kazi ndani ya dera, ushungi ameukaza. Alipanda, akaanza. Nilitembea mbele yake nikiokota makuti na vifuu vya nazi. Mashine ilikwenda bila kukohoa. Nikamwambia moyoni, twende, mama, twende.

Kisha nikageuka nyuma kuangalia.

Nyasi zilikuwa zimelala. Hazikukatwa, zimelala tu, zote upande mmoja, kama waumini waliosujudu nyuma ya imamu. Hapa na pale jani limepasuliwa ncha, limekuwa na nyuzinyuzi. Tulipofika mwisho wa bustani, zile za mwanzo zilikuwa zinainuka taratibu, moja moja.

Wifi aliona kuti mbele yangu ambalo sikuliwahi, akashuka kuliondoa. Akashuka, na mashine ikaendelea kunguruma nyuma yake, mapanga yanazunguka, dera lake linapepea kando ya bati. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Akazima kwa ufunguo, akanitazama. "Nini?" Nikainama nikaliokota lile kuti.

Mwangalizi akatoka, mikono kiunoni. "Mathe, sasa hii ni nini? Nyasi umezichana kama nywele tu, hujakata. Mdosi wangu anakuja na wageni, atanimaliza."

"Mashine ina tatizo kidogo, babangu," wifi akasema.

"Kidogo? Hii ni massage, si kukata." Lakini alikuwa kijana mwenye huruma, akaongeza, "Jumamosi. Mkirudi Jumamosi na hii kitu inakata, sawa. Ikikataa, nitaita wale wa kufyeka na mashine za mgongoni."

Tukapanda pikapu kurudi. Tulipokaribia nyumbani wifi akauliza kama nadhani Uarabuni kuna baridi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi yangu yote imenifundisha jambo moja. Mtoto akikosea hesabu, usimfutie, kwanza mwulize ameipataje. Jibu baya lina njia yake, nayo huwa imenyooka. Ile mashine ilikuwa na nguvu, mkanda unashika, mapanga yamenolewa. Kwa nini basi haikati? Siku ya pili tukaiwasha uani, palipo na mchanga mtupu, mimi nikasimama mbali kidogo. Vumbi likatoka chini ya bati pande zote, likaturukia miguuni na kupanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa kambani.

Wifi, aliyepangusa vumbi vyumba vya hoteli maisha yake yote, akazima mashine akakaa akifikiri. "Wifi," akasema, "hii inapuliza. Hili ni pangaboi."

Alikuwa amelipata. Kinyozi anapokata nywele ndefu huziinua kwanza kwa kitana, ndipo apitishe mkasi. Mashine ya nyasi nayo inatakiwa ivute hewa juu, nyasi zisimame, ndipo panga lipite. Yetu ilikuwa inapuliza chini. Inazilaza, kisha inapita juu yake.

Tukatoa waya wa plagi, tukatoa na waya wa betri, maana mashine isiyo na moto ndiyo tu unayoweza kuingiza mkono chini yake. Naomba asomaye asiiruke hatua hiyo, hata akiwa na haraka ya namna gani. Tukazuia magurudumu ya nyuma kwa matofali, tukainua ya mbele juu ya mbao, tukalala chali sisi wanawake wawili wazima, mashuka ya zamani yametandikwa chini.

Kila panga lilikuwa na makali upande mmoja kwenye ncha, na upande wa pili limekunjwa kama sikio. Masikio hayo yalikuwa yametazama chini. Na hili ndilo lililonifanya nicheke pale nilipolala. Utomvu wa kijani wa nyasi ulikuwa umeganda upande wa masikio, wakati makali aliyoyatia fundi yalikuwa yanang'aa safi, hayajagusa hata unyasi. Yamefungwa juu chini. Tulikuwa tumekwenda Diani kukata nyasi kwa mgongo wa panga.

"Tuyageuze wenyewe," wifi akasema.

"Spana tunayo?"

"Hatuna."

"Na fundi akisikia tumemfungulia kazi yake?"

Akatambaa kutoka chini ya mashine. Kwetu fundi harudishiwi lawama. Ukimrudishia lawama, umempoteza, na siku injini ikilala tena utabaki na chuma uani. Fundi hurudishiwa swali. Tukamwita, tukampa kiti na chai ya tangawizi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Trekta lasemaje?"

"Languruma vizuri, Mungu akulipe. Ila tuna swali moja limetushinda."

"Swali la mwalimu hilo," akamwambia wifi. "Nikikosa, atanisimamisha ukutani."

Nikamwonyesha panga, nikamwuliza tu masikio haya kazi yake nini. Akaweka kikombe chini.

"Hayo nilikuta yametazama juu. Nikasema, watu wa hoteli hawa, mtu ameyafunga kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyejua. Nikayageuza yakae sawa."

"Sawa kwa vipi, fundi?"

"Kama rafadha, mwalimu." Akazungusha kiganja hewani, kama rafadha ya boti inavyozunguka. "Rafadha yasukuma. Maji yaenda nyuma, chombo chaenda mbele. Panga lazima lisukume, ama lafanya nini majini?"

"Na nyasi zikisukumwa, zaenda wapi?"

Kiganja cha fundi kikasimama hewani.

"Zilikwenda kulala, fundi," wifi akasema kwa upole. "Tukaziacha zimepumzika."

Mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kupangusia macho. "La ilaha illallah. Mimi hapa nimelitengenezea trekta safari ya baharini!" Akainama chini ya bati bila kuhimizwa. "Hiki chavuta. Hiki si chombo cha kusukuma, hiki chavuta." Alilirudia neno hilo kila alipokaza nati.

Jibu lake lilikuwa baya, lakini njia yake ilikuwa imenyooka. Miaka yote mikono yake imefanya kazi na vyombo vinavyosukuma, na hakuna aliyewahi kumpa kimoja kinachovuta. Nilimheshimu zaidi baada ya siku ile, kwa sababu alikubali kabla chai haijapoa.

Lililokuwa gumu ni la kiti. Nilipomwomba arudishe swichi, alisita. "Itazima zima, mwalimu. Ataudhika."

"Afadhali audhike ana miguu miwili," nikasema. Nikawaeleza nilivyoona dera lile kando ya mapanga. Wifi alikuwa hajui. Alijishika goti akalishikilia.

Fundi akafungua utepe mweusi, akarudisha nyaya mahali pake. Kisha akaomba ndara kuukuu. Akakata kipande cha soli, akakigandisha chini ya kiti juu tu ya swichi, ili hata uzito wa ufito uweze kuibonyeza, na mtu akiinuka iachie. Tulijaribu tena na tena. Wifi akikaa, inanguruma. Akiinuka, kimya.

"Sasa yakutambua," fundi akamwambia. Alikataa malipo. Alitaka ahadi tu kwamba mashine ikisimama imara, wifi atapita kukata nyasi za uwanja wa msikiti.

Jumamosi sikuwa na matumaini makubwa, nasema kweli. Nilikuwa na matumaini ya kiasi, yale ambayo mtu huyakunja akayatia kwenye mkoba asionekane nayo. Mwangalizi alitupokea na fagio mkononi. Wifi akapanda, akasoma bismillahi, akashusha bati.

Sauti ilikuwa nyingine. Ilikuwa nzito, kama mtu anayetafuna. Pembeni mwa bati, kwenye tundu ambalo siku ile halikutoa kitu, nyasi zilitoka mbichi zikiruka, na harufu yake ikajaa bustani nzima. Nyuma ya mashine kulibaki njia iliyonyooka, imekatwa sawasawa isipokuwa mahali alipokata kona kwa woga, pakabaki kishungi kama cha jogoo. Kwenye tuta karibu na mnazi mashine ilizima mara moja. Akatukana kidogo kwa Kidigo, akaiwasha, akaendelea.

Mwangalizi aliangusha fagio. "Mathe! Hii sasa ndiyo kukata!" Kabla hata nusu haijaisha alikwenda ukutani akamwita mwenzake wa nyumba ya pili aje aone, na mwenzake akauliza kama tunaweza kuvuka hapo kwake tukimaliza.

Simu ya wifi ilikuwa mkobani mwangu. Ililia akiwa upande wa mbali, mgongo umenyooka, hasikii chochote isipokuwa injini yake. Nikaona jina la wakala. Niliitazama simu, nikamtazama wifi, nikampungia mkono na kuinyanyua simu juu aione. Aliiona. Alijua ni nani, maana uso wangu haujui kuficha. Hakushuka. Alitikisa kichwa mara moja, akageuza usukani, akaanza mstari mwingine.

"Naomba kuongea naye," wakala akasema nilipopokea. "Ni ile habari ya safari."

"Hawezi kuja kwenye simu," nikamwambia. "Yuko kazini."

"Kazini? Kazi gani?"

"Ya nyasi, hapa Diani. Amesema utafute mwingine, na anakushukuru sana."

Wakala alisema kitu ambacho sikukisikia vizuri, kwa sababu mashine ilikuwa inarudi upande wangu, na mbele yake palikuwa na kifuu cha nazi. Nikakata simu, nikakimbia kukiokota.