Mchicha wa Baba kwenye Ndoo za Jibini

Baba yangu alikuwa akiomba radhi kila alipoandaa pai. Nakumbuka Krismasi za utotoni kwetu Iringa: analiweka sinia mezani, anautazama ule ukoko uliokauka vizuri, kisha anasema, "Mnisamehe wanangu, spinachi haikupatikana." Sisi hata hatukujua hiyo spinachi ni mdudu gani. Tulikula pai ya mchicha na jibini ya mbuzi, tukalamba vidole, tukagombania pembe za sinia ambazo ndizo zinazokauka zaidi, na yeye akatutazama kwa huruma kama aliyetulisha makapi.

Pai hiyo aliifundishwa na mke wa Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la tumbaku. Baba aliingia jikoni mwao akiwa kijana, akatoka akiwa na mvi za kwanza, Wagiriki walipofunga mizigo na kwenda zao. Nyumbani tulimwita huyo mama Mama wa Shamba, ingawa mimi sikumwona hata siku moja. Ndiye aliyemfundisha Baba supu ya mayai na limau, mabilinganya ya kupangwa na nyama ya kusaga, mwanakondoo wa Pasaka, na mayai ya kuchemsha yaliyopakwa rangi nyekundu. Alimfundisha kusukuma unga kwa kifimbo kirefu mpaka ukawa mwembamba kuliko manda ya sambusa. Na kabla ya pai kukatwa, alimfundisha kuchora msalaba juu yake kwa ncha ya kisu. Baba ni Mlutheri wa damu, lakini msalaba ule hakuuacha maisha yake yote.

Ile radhi nayo ina asili yake. Wageni wa mjini walipokuja shambani, mabwana na mabibi wa Kigiriki wenye viatu visivyojua matope, walifunua pai kwa uma na kuuliza, "Hii imekosa spinachi?" Mama wa Shamba alicheka tu, akawakatia kipande kingine. Baba, aliyekuwa amesimama nyuma na sinia, aliona kile ni kicheko cha mwenyeji anayeficha ufukara wake mbele ya wageni. Alimwonea huruma. Na alipoondoka yule mama, Baba akairithi aibu yake pamoja na kifimbo chake.

Sasa nije huku Fairfax, Marekani. Mgahawa wetu uko karibu na chuo kikuu, umebanwa kati ya dobi na duka la matairi. Niliingia pale kama mhudumu, nikahamia jikoni, na kwa kuwa supu ya mayai na limau niliifahamu tangu ziwa la mama, wenye mgahawa, mtu na mkewe, Wagiriki waliochoka miguu, wakanizoea kama mtoto wao. Watoto wao wa kuwazaa walikuwa wameshakuwa madaktari wa meno, hawataki kunuka vitunguu. Wazee walipoamua kupumzika, mimi na mume wangu tukauchukua mgahawa. Kibao cha bluu na nyeupe tulikiacha palepale mlangoni. Mume wangu alishinda ofisini mchana, jioni akaja kuosha masufuria bila kunung'unika, na hilo nalitaja ili lijulikane.

Watu wetu wa Afrika Mashariki walitutania, hawakutuonea haya. Jumapili baada ya kanisa walikuja kutoka miji jirani ya Bowie na Oxon Hill, familia nzima na nguo zao za ibada, wanaisoma menyu kuanzia juu hadi chini.

"Dada, kwa hiyo ugali hamna kabisa?"

"Ugali kapike kwako. Hapa ni Ugiriki."

Muuguzi mmoja Mkenya aliyependa kukaa dirishani aliniuliza, "Sasa sister, hii Greek yenu ni ya ukweli ama mna-try tu?" Nikamwambia ale kwanza ndipo aulize. Alikula, hakuuliza tena, na wiki iliyofuata akaja na wenzake wa zamu. Kizuri chajiuza.

Baba alikuja mwaka uleule, baada ya mama yetu kufariki. Nilidhani nimemleta apumzike. Siku ya pili alikuwa amevaa aproni. Siku ya tatu aliniomba nimpeleke dukani akaione spinachi.

Siwezi kueleza alivyozishika zile pakiti. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, amesimama mbele ya friji la mboga akitabasamu kama bwana harusi. Maisha yake yote alikuwa amepika kwa kubahatisha, hivyo ndivyo alivyoamini, na sasa kitu chenyewe kilikuwa mkononi mwake. Tulirudi, akapika kwa utaratibu wote. Majani yakanywea yakawa si kitu, yakatoa maji, ukoko wa chini ukalowa. Alionja. Akapika tena, safari hii akiyakamua majani kwa kitambaa. Alionja tena.

"Nimekosea wapi?" aliniuliza.

"Hujakosea, Baba. Ndiyo ladha yake hiyo."

Hakuniamini, ila alirudi kwenye mchicha, maana usiache mbachao kwa msala upitao. Mwanzoni tuliununua soko la Wakorea. Kisha siku moja akakuta mchicha umejiotea wenyewe kando ya uzio, nyuma ya mgahawa, karibu na mapipa ya taka. Alisimama pale kama aliyekutana na ndugu yake ughaibuni. Aliung'oa kwa uangalifu, akaupanda kwenye ndoo tupu za jibini alizozitoboa chini, akazipanga ukutani penye jua. Binti yangu alitazama akakunja pua. "Babu, that's a weed," akasema, yaani gugu tu. Babu yake, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima, akamjibu, "Asante, mjukuu wangu, umwagilie na wewe."

Pai yake niliiuza na wanafunzi waliipenda. Lakini mwenye kauli ya mwisho alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kanisa la Wagiriki lilikuwa na sikukuu yake kila vuli, siku za kula na kucheza, na pai za sikukuu hiyo zilitoka kwenye mgahawa wetu tangu enzi za wale wazee. Aliyeamua nani azipike ni bibi mmoja wa kanisa hilo, mfupi, mwenye mkongojo na nguo nyeusi, ambaye wanawake wote walimsikiliza. Akisema ndiyo, Wagiriki wangeendelea kuja kwetu. Akisema hapana, tungebaki na kibao cha bluu na nyeupe na Mgiriki hata mmoja asikanyage, na mgahawa wa Kigiriki usiokaliwa na Mgiriki ni mzaha. Baba alilielewa hilo kuliko sote. "Wenyewe wakiikataa," aliniambia, "mimi nitakuwa nimepika nini miaka yote hii?"

Bibi alikuja majira ya kuchipua kuonja. Baba alimpelekea pai mwenyewe, kwa mikono miwili. Bibi akainua ukoko kwa uma, akachungulia ndani.

"Hii si spinachi," akasema kwa Kiingereza chake kizito.

Baba neno spinachi alilielewa. Akainamisha kichwa. "Mwambie anisamehe," akaniambia kwa Kiswahili. "Mwambie nilifundishwa hivyo kwa sababu ya shida."

Damu ilinichemka. Baba yangu aombe msamaha mbele ya mtu ambaye hajaweka hata tonge mdomoni? Sikutafsiri. Nilimwambia bibi, "Baba yangu anasema karibu sana." Akaweka uma chini. Akasema atarudi mwishoni mwa kiangazi, na akirudi akute pai ya spinachi kama watu wote wanavyopika, la sivyo kazi ataipeleka kwingine. Akainuka akaenda.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Baba alipika pai za spinachi kila wiki, safi, zimekaa vizuri kwenye sinia, na hakuzionja. Mchicha aliumwagilia, lakini hakuuchuma. Uliota mpaka ukanifika kiunoni. Nilimwona akiwa kazini bila furaha na niliumia, nasema ukweli, niliumia kuliko nilipoukosa msiba wa mama yangu, kwa sababu msiba ule nilikuwa mbali, na huu ulikuwa mbele ya macho yangu.

Bibi alirudi siku ambayo wanafunzi walikuwa wamefurika kufungua chuo. Mbele hapakuwa na nafasi ya gari, kwa hiyo aliyemwendesha akaegesha nyuma, karibu na mapipa. Mimi nilikuwa natoa taka. Nilimwona akishuka, akapiga hatua na mkongojo wake, halafu akasimama.

Alikuwa anatazama ndoo za Baba. Aliinama kwa shida, akachuma ncha changa, akaisugua kwenye kiganja, akainusa. Kisha akaitia mdomoni mbichi na kuitafuna.

"Vlita," akasema. Sikulijua neno hilo la Kigiriki. Akanigeukia. "Nani amepanda?"

Baba alitoka mlangoni na mikono yenye unga. Alipomwona bibi kasimama penye zile ndoo, akadhani amekerwa na uchafu wa nyuma ya nyumba. "Mwambie nitaziondoa leoleo," akasema.

"Muulize," bibi akasema, "haya ndiyo yaliyokuwa kwenye ile pai?"

Nikamuuliza. Baba akasema ndiyo, haya haya, na jibini, na vitunguu vya majani.

Bibi akagonga mkongojo chini. "Kwa nini hukuniambia?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakutupa nafasi ya kusema, nikajizuia, na vizuri nilijizuia, kwa sababu alianza kusimulia palepale, juani, kati ya mapipa na uzio. Kijijini kwao mlimani, mama yake alikuwa akimtuma kuyachuma majani haya kati ya mahindi na maharage. Yalichemshwa yakaliwa na mafuta ya zeituni na limau. Yakizidi, yalitiwa kwenye pai. Spinachi aliijua baada ya kushuka mjini kufanya kazi kwenye nyumba za watu. "Spinachi ni mboga ya mjini," akasema. "Hii ndiyo ya kwetu."

Nilimtafsiria Baba neno kwa neno. Alichukua beseni, akaanza kuchuma.

Jikoni, bibi alikalia kreti la nyanya na kumwangalia. Pai za spinachi zilikuwa zimeiva tayari, lakini hakuna aliyezitazama. Baba aliosha mchicha, akaukatakata, akaufikicha kwa chumvi, akasukuma unga kwa kifimbo mpaka maua ya kitambaa cha meza yakaonekana kwa chini. Bibi alitaka kumwambia asukume zaidi, akaona tayari umesukumwa. Pai ilipotoka kwenye oveni, Baba akachora msalaba kwa ncha ya kisu, kama alivyozoea. Bibi akajipiga ishara ya msalaba kifuani na kuuliza nani kamfundisha.

"Mama mmoja wa Kigiriki, kwetu Iringa."

"Wa kijiji gani?"

Baba hakujua. Alijua tu kwamba alikuwa akisema nyumbani kwao kuna milima na baridi kama ya kwetu.

Bibi alikula akiwa amesimama, kwa vidole, na mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alipomaliza alitoa agizo la sikukuu nzima, masinia mengi kuliko tuliyowahi kupika, akaongeza kwamba mtu asithubutu kutia spinachi. Nilijivuna siku ile, sifichi. Ningekuwa na ngoma ningeipiga.

Alipoondoka, Baba alikaa kwenye kreti lilelile na aproni yake. Nilidhani analia, nikamsogelea.

"Yule mama," akasema, "hakuwa amekosa spinachi."

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe alikuwa anawacheka wao."

Sikukuu ilikuwa siku ya jua. Watu wetu wa Bowie na Oxon Hill walikuja nao, wakachanganyika kwenye foleni na Wagiriki, na yule muuguzi Mkenya akacheza duara lao kwa kushikana mikono kama aliyezaliwa nalo. Binti yangu aliwatembeza wenzake wa shule mezani kwetu, akawaonyesha: huyu ni babu yangu, hii kapika yeye, na majani namwagilia mimi. Baba alisimama nyuma ya masinia, aproni mpya, kifua mbele.

Akaja bwana mmoja kijana, mwenye tai, Mgiriki wa mjini ukimtazama viatu. Akapokea kipande, akakifunua kwa uma, akauliza kama hii imekosa spinachi.

Baba alinitazama nimtafsirie. Nilimtafsiria kwa shingo upande, maana ile radhi niliijua tangu utoto na niliiona inapanda kooni kwake. Alifungua mdomo.

Akacheka. Halafu akachukua kisu, akamkatia kipande kingine.