Pembe Nne za Blanketi la Rogathe

Perpetua alikuwa na mkono wa nguvu, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Ukimpa gunia afunge, utalifungua kwa kisu. Ukimpa mtoto amsuke, mtoto atakaa siku mbili macho yamevutwa juu. Sasa mtu kama huyo, jamani, ndiye aliyekabidhiwa mashine ndefu ya kikundi cha akina mama pale Haydom!

Mashine yenyewe si cherehani ya kawaida. Imekaa juu ya meza ya chuma yenye urefu wa ukuta mzima, nayo inatembea juu ya reli, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Blanketi limetulia chini yake, limeviringishwa kwenye mabomba marefu. Unatandaza kitambaa cha chini, juu yake pamba, juu ya pamba vile viraka vya vitenge vilivyoungwa, halafu mashine inapita na kuvishona vyote pamoja. Ukimaliza sehemu moja unaviringisha, unaendelea na nyingine. Kwa maneno ni kazi rahisi kabisa. Lakini katika mablanketi matano aliyoshona Perpetua, hakuna hata moja lililotoka limenyooka. Juu mapana, katikati yamebana, chini yamekwenda benibeni.

"Hili nalo lina kiuno!" wenzake walisema kila walipotandika jipya, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Perpetua alicheka pamoja nao. Maneno yale yalikuwa yanamuuma, lakini alicheka.

Basi Rogathe, bintiye wa pekee, nesi, akapata mchumba kutoka kijiji cha Daudi, aitwaye Hermani. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ikapangwa Jumamosi. Na kikundi kile kina desturi yake. Binti wa mwanakikundi akiolewa, blanketi lake halifungwi kwenye karatasi za kung'aa. Akina mama wanne hulishika, kila mmoja na pembe yake, wakalitanua mbele ya wakwe wote, kisha hutembea wakakutana na kulikunja mara mbili. Pembe zikilingana, vigelegele. Zisipolingana, ukumbi mzima unaona, na wakwe wanaondoka na habari ya kusimulia njia nzima.

Jumatano asubuhi mwenyekiti Judith alimvuta Perpetua pembeni.

"Mama Rogathe, nisikilize bila hasira. Hili la Jumamosi mwachie Eva."

"Eva?"

"Mkono wake umetulia."

"Mwenyekiti, mimi nina binti mmoja tu. Mmoja! Ashonewe blanketi na Eva, mimi nikiwa hai, mashine ninayo mkononi?"

Judith alimtazama, akaguna. "Haya. Lakini Ijumaa jioni nakuja na futikamba yangu. Nikikuta kiuno, tunanunua la dukani."

La dukani! Perpetua alihisi kama amepigwa kofi. Akaanza kazi dakika ileile.

Lazima mjue kwamba alikuwa mtoto wa wafugaji, binti wa mzee Gidabuday wa Dirma, na kazi ya kwanza aliyofundishwa na mama yake ilikuwa kuwamba ngozi. Ng'ombe akichinjwa, unaitandaza ngozi mbichi chini, unapigilia mambo, vile vigingi vidogo, pande zote, unavuta, unavuta tena, mpaka ukiigonga inaitika. Ngozi isiyovutwa inajikunja. Kwa hiyo kichwani mwake jambo lilikuwa wazi: blanketi likitoka limepinda, halikuvutwa vya kutosha. La kwanza lilipopinda, la pili akalivuta zaidi. La pili lilipopinda, la tatu akalikaza kabisa. Na hili la mwanawe sasa? Alikaza mabomba kwa mikono miwili, akabana vibanio vya pembeni mpaka kitambaa kikalia alipokigonga kwa kidole.

"Hapo sawa," akajisemea, akaridhika.

Alishona Jumatano, akashona Alhamisi. Alasiri alipima: juu inchi tisini, katikati tisini. Furaha ilimjaa, akaanza kuimba pambio la kwaya kwa sauti ambayo kwaya yenyewe ilishamwomba apunguze. Kisha akafungua vibanio apumzike.

Lo! Kitambaa kikarudi ndani, taratibu, mbele ya macho yake. Akapima tena. Themanini na saba. Kiuno kilekile!

Rogathe alipoingia na chupa ya chai alimkuta mama yake amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ameshika tama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usitazame huko."

Rogathe alikuwa ameshatazama. Akamimina chai, akauma midomo asicheke, akashindwa. "Mama, kwani unaliwamba kama ngozi ya bibi?"

"Ndiyo. Tatizo lipo wapi?"

"Nauliza tu. Ile ngozi mnaivuta hivyo kwa nini?"

"Ili ikauke ikiwa imenyo..."

Perpetua akaweka kikombe chini. Ili ikauke! Ngozi huwambwa mbichi, ikakaukia pale kwenye mambo, ndiyo maana ukiing'oa haibadiliki tena. Kitambaa kinakauka nini? Kilikuwa kinavumilia tu, kinasubiri akiachie. Mablanketi matano, jamani, na kila moja alikuwa analipinda kwa mkono wake mwenyewe!

"Lete wembe," akasema. "Tunafumua."

"Lote?"

"Lote. Na wewe unafumua, kucha zako hizo za bibi harusi nitazipaka upya mimi."

Walifumua mpaka giza likaingia, na Rogathe hakuacha kumtania.

Ijumaa Perpetua alianza upya. Aliweka alama ya chaki katikati ya bomba na katikati ya kitambaa, akazikutanisha. Safari hii aliviringisha kwa kulegeza: akisukuma kidole kutoka chini, mkono wa juu uweze kukikamata pamoja na kitambaa. Alifunga mashine isiende mbele wala nyuma, akapiga mstari mmoja mnyoofu kutoka ukingo hadi ukingo, na ukingo wa viraka akaulaza juu ya mstari ule. Kila alipoviringisha alifungua vibanio kwanza, ndipo akapima, ndipo akapiga bandi, mshono mrefu wa kushikiza tu, pande zote mbili. Mikono ilikuwa inamuwasha kutaka kuvuta. "Acha!" aliikemea kwa sauti, na Eva aliyekuwa akipasi pembeni akaruka, akidhani anaambiwa yeye.

Jioni Judith alikuja, akapima juu, katikati, chini. Tisini, tisini, tisini. "Hm," akasema, akakunja futikamba yake na kuondoka. Lakini upana si pembe. Blanketi linaweza kuwa na upana sawa kote na bado limelala upande. Ilibaki kupima kutoka kona hadi kona, na hapo Perpetua hakuthubutu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wakwe walikaa mstari wa mbele, mama yake Hermani katikati. Akina mama wanne walishika pembe, wakatanua. Mama mzazi haruhusiwi kushika, kwa hiyo Perpetua alisimama kando. Wawili wakatembea, wakawafikia wenzao. Pembe juu ya pembe. Wakakunja tena. Judith akazikusanya zote nne kwa vidole vyake, akaziinua juu watu waone, na hapakuwa na hata moja iliyozidi nyenzake.

Vigelegele vikapasua bati. Mama yake Hermani akasimama, akalipokea blanketi kwa mikono miwili, akamwekea Rogathe begani.

Hapo Perpetua akaanza kulia. Akalia vibaya, kwa sauti, mpaka mpiga picha akashusha kamera. Siku nne nzima alikuwa ameogopa pembe, hakupata hata dakika moja ya kuogopa kwamba mtoto anaondoka.

Rogathe alimkimbilia na gauni lake lote, akamkumbatia. "Mama, limenyooka! Unalia nini sasa? Daudi si mbali, kuna basi kila siku."

"Najua kuna basi," Perpetua akasema, akamshika mwanawe kwa ule mkono wake wa nguvu. Halafu akaulegeza kidogo. "Najua. Wewe niache nilie tu."